Kura zilihesabiwa sawasawa, lakini wanafunzi wa kutwa hawana msemaji kwenye bodi ya shule

Swali: "Mimi ni mwalimu mlezi wa serikali ya wanafunzi katika shule ya sekondari ya mchanganyiko wilayani Nachingwea, mkoani Lindi. Bodi yetu ya shule ilikubali wanafunzi wanne wawe wanahudhuria vikao vyake na kusema kwa niaba ya wenzao, nasi tukaamua wapatikane kwa kura. Kila mwanafunzi aliandika majina manne, na wanne waliopata kura nyingi zaidi wakatangazwa. Wote wanne ni wa bweni, na msichana ni mmoja tu. Wanafunzi wa kutwa, ambao ni wachache kidogo kuliko wa bweni, wanasema wameibiwa. Nilisimamia kuhesabu mbele ya mawakala wa wagombea, na ninajua hakuna kura iliyoibiwa. Baadhi ya walimu wenzangu wanataka tufute uchaguzi na wawakilishi wateuliwe na walimu. Wengine wanasema aliyeshindwa akubali kushindwa. Je, uchaguzi huu ulikuwa wa haki? Na mwakani tufanye nini?"

Mwalimu, swali lako limebeba maswali mawili ambayo watu wengi huyachukua kuwa ni moja. La kwanza ni kama kura zilihesabiwa kwa uaminifu. La pili ni kama njia mliyotumia kuzigeuza kura hizo kuwa viti iliweza kuwatendea haki wanafunzi wote. Kwa maelezo yako, jibu la swali la kwanza ni ndiyo, na jibu la swali la pili ni hapana. Silisemi hili kwa kukulaumu, maana kanuni mliyoitumia ndiyo inayomjia karibu kila mtu anapotakiwa kuendesha uchaguzi wa watu kadhaa kwa mkupuo, na matokeo yake huwa hayaonekani mpaka siku ya kutangaza.

Wewe uko kusini, kwa hiyo utanielewa nikitumia mfano wa ghala la chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Mizani inaweza kuwa sahihi kabisa, lakini kama magunia ya wakulima wawili yamechanganywa kabla ya kupimwa, usahihi wa mizani hautampa kila mkulima malipo yake. Wanafunzi wako wa kutwa wanailaumu mizani, ilhali kasoro iko kwenye uchanganyaji. Ndiyo maana ukiwajibu kwa kuwaonyesha karatasi za kura zilizohesabiwa vizuri hawatatulia: utakuwa umejibu lawama waliyoitamka, na dhuluma wanayoihisi itabaki palepale.

Tuangalie jinsi kasoro hiyo inavyofanya kazi. Chukua shule ya mfano yenye wanafunzi 600, kati yao 340 wa bweni na 260 wa kutwa, na kila mmoja ana haki ya kuandika majina manne. Ikiwa kila upande utawapigia watu wake, wagombea wanne wa bweni watapata kura 340 kila mmoja, na wagombea wanne wa kutwa watapata 260 kila mmoja. Ukipanga kuanzia juu, nafasi nne za kwanza zote ni za bweni. Upande wenye asilimia 57 ya wapiga kura umechukua asilimia 100 ya viti, na upande wenye asilimia 43 umeondoka mikono mitupu, bila mtu yeyote kufanya hila. Kwa kuwa kila mpiga kura ana kura nyingi sawa na idadi ya viti, wengi hushinda kiti cha kwanza, kisha watu walewale, kwa wingi uleule, hushinda cha pili, cha tatu na cha nne. Tofauti ikiwa ya wanafunzi wawili tu, yaani 301 kwa 299, matokeo yanabaki hayohayo.

Katika hali halisi watoto hawapigi kura kwa makundi yaliyonyooka hivyo. Wapo wa bweni wanaompenda rafiki yao wa kutwa, na wapo wagombea wanaopendwa na shule nzima kwa sababu ya mpira au kwaya. Lakini mgawanyiko hauhitaji kuwa kamili ili kanuni hii izae matokeo uliyoyaona. Inatosha wengi wao waandike kwanza majina ya watu wanaoishi nao, na kijana wa bweni anayetakiwa kuandika majina manne kwa dakika chache ataandika majina ya watu anaolala nao chumba kimoja na kula nao bwalo moja.

Sasa niwageukie wenzako wanaosema aliyeshindwa akubali kushindwa. Kauli hiyo ina mahali pake. Mnapomchagua kaka mkuu au dada mkuu, kiti ni kimoja na hakigawanyiki. Mmoja atakipata, wengine watakubali, na shule itaendelea. Uwakilishi kwenye bodi ni jambo la namna nyingine. Mmetoa viti vinne kwa sababu mlijua kuwa mwanafunzi mmoja hawezi kubeba hali za wanafunzi wote, na viti vinne vikikaliwa na watu wanaoishi maisha ya aina moja, sababu ya kuvifanya vinne imekufa. Fikiria ajenda za kawaida za bodi: mchango wa chakula cha mchana, adhabu ya kuchelewa namba asubuhi, mahudhurio yanayoshuka msimu wa korosho unapofika, njia zinazojaa maji wakati wa masika. Mwanafunzi anayelala hatua chache kutoka darasani hana uzoefu wa kutembea alfajiri kutoka kijiji cha jirani, na hata akiwa na nia njema kiasi gani hataulizwa na mtu yeyote bwenini kwa nini hakulisema jambo hilo kikaoni. Upande wa pili ni hivyohivyo: wa kutwa watupu wasingejua maji yanakatika usiku bwenini. Kwa hiyo shule haiwezi kuwaambia wanafunzi 260 wavumilie kama timu iliyofungwa mechi, kwa kuwa wanachokosa ni mtu wa kuisemea hali yao mahali ambapo maamuzi juu yao yanafanywa.

Sheria nayo haiko upande wa kuwanyamazisha. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni haki ya kuyatoa, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania imeuridhia, unasema jambo la namna hiyo katika ibara ya 12. Sheria hizo hazikupangii namna ya kuhesabu kura, ila zinakupa hoja nzito mbele ya mwenzako atakayekuambia kuwa jambo hili ni mchezo wa watoto.

Na hao wanaotaka walimu wateue? Ninaelewa wanakotoka, kwani kuteua ni haraka, hakuna kampeni, hakuna kelele, na mwalimu makini anaweza kuhakikisha kwamba kutwa, bweni, wasichana na wavulana wote wamepata mtu. Kwa viranja wa usafi au wa bwalo, ambao kazi yao ni kuwasaidia walimu kusimamia shule, sioni ubaya wowote. Lakini mwakilishi kwenye bodi anaweza siku moja kulazimika kusema kwamba vipindi fulani havifundishwi, au kwamba adhabu fulani zimepita kiasi. Mkuu wa shule ndiye katibu wa bodi, na walimu ni sehemu ya kile kitakachosemwa. Mtoto aliyewekwa hapo na walimu atajua aliyemweka, na wenzake watajua pia, kwa hiyo malalamiko mazito hayatamfikia, na bodi itaamini kuwa hayapo. Ninapendekeza msiende njia hiyo, hata kama itawapa sura nzuri ya uwiano kwenye karatasi.

Zimebaki njia mbili zinazofaa shule kama yenu. Ya kwanza ni kubadilisha jambo dogo sana kwenye kanuni ileile: viti vibaki vinne, lakini kila mwanafunzi awe na kura moja tu. Kwenye shule yetu ya mfano, mgombea anayepata kura 121 hawezi kukosa kiti, kwa sababu haiwezekani watu watano wote wapate kura 121 kila mmoja. 121 mara 5 ni 605, na wapiga kura ni 600. Wanafunzi 260 wa kutwa wakigawanya kura zao sawasawa kwa wagombea wawili, kila mmoja atapata 130, na wote wawili wataingia. Hakuna kiti kilichotengwa, hakuna aliyeitwa wa kundi fulani, na wachache wamepata sehemu yao kwa nguvu ya kura zao wenyewe.

Njia hii ina udhaifu ambao lazima uufahamu kabla ya kuipeleka kwenye baraza la shule. Inaliadhibu kundi linalosimamisha wagombea wengi mno. Wa kutwa wakisimamisha wagombea watano na kura zikagawanyika sawa, kila mmoja atapata 52. Wa bweni wakisimamisha wanne, kila mmoja atapata 85, na mtarudi palepale mlipo leo. Kundi lililopangika vizuri hulishinda kundi lililotawanyika, na wanafunzi wa kutwa, ambao kengele ya mwisho ikilia kila mmoja anashika njia ya kijijini kwao, ndio wenye nafasi ndogo zaidi ya kukaa pamoja na kupanga. Kuna mfumo wa kuorodhesha wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili na kuendelea, unaotumika Ireland na Malta, ambao huziokoa kura zilizotawanyika kwa kuzihamisha. Ni mzuri sana, lakini kuzihesabu kura 600 za namna hiyo kwa mikono kunahitaji watu waliofundishwa, kwa hiyo nisingeanza nao.

Njia ya pili, ambayo kwa hali yenu ndiyo ninayoipendelea, ni kuigawa shule katika majimbo mawili ya uchaguzi, bweni na kutwa, kila moja likiwa na viti vyake. Kwa 340 na 260, ukigawanya viti vinne kwa uwiano unapata 2.27 na 1.73, yaani viwili kwa viwili. Idadi za shule yenu zitakupa jibu lenu. Kama wa kutwa wangekuwa 150 tu kati ya 600, uwiano ungekuwa kiti kimoja kwa vitatu, na hapo ningewaambia wa kutwa kwamba kimoja ndicho haki yao.

Kwenye njia hii kuna kosa ambalo shule nyingi hulifanya kwa nia njema, na ninakuomba ulisome taratibu. Shule hutenga viti kwa ajili ya wa kutwa, kisha huwaruhusu wanafunzi wote 600 kuvipigia kura. Matokeo yake ni kwamba wa bweni, walio wengi, ndio wanaoamua ni mwanafunzi gani wa kutwa atawasemea wa kutwa. Watamchagua wanayemfahamu na kumpenda, ambaye mara nyingi ni yule asiyeleta hoja ngumu, na mgombea aliyependwa na wa kutwa karibu wote anaweza kushindwa. Kiti kitakuwa na jina la kutwa, lakini mwenye kiti atakuwa na deni la fadhila kwa bweni. Kwa hiyo mnapotenga kiti, amueni hapohapo na muandike kwenye kanuni ni nani anayekipigia kura. Viti vya kutwa vipigiwe kura na wa kutwa, vya bweni na wa bweni.

Kwa habari ya wasichana, jibu langu lina tofauti kidogo. Ndani ya kila jimbo, kiti kimoja kiwe cha msichana na kimoja cha mvulana, na kila mpiga kura wa jimbo hilo apewe kura mbili, moja kwa kila orodha. Utaniuliza: kama wa bweni hawapaswi kuwachagulia wa kutwa, mbona wavulana wawachagulie wasichana? Hoja hiyo ina uzito. Kinachonielekeza ni kwamba msichana huyo wa kutwa atawasemea wa kutwa wote, wavulana wakiwemo, kuhusu njia, chakula na muda, kwa hiyo wana haki ya kumpima. Lakini yapo mambo, kama vyoo na sehemu ya kubadilishia taulo za kike, ambayo msichana aliyeletwa na kura za wavulana pekee hatakuwa na idhini ya kuyasemea. Ninachopendekeza ni kwamba fomu ya mgombea msichana idhaminiwe na wasichana peke yao. Asiyeaminiwa na wasichana wenzake hatafika kwenye karatasi ya kura, na atakayefika atahitaji kuaminiwa na jimbo zima. Baraza lenu likiona wasichana wapige wenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, sitalipinga.

Majimbo nayo yana gharama yake. Ukiwaambia watoto kila mwaka kwamba wao ni wa bweni au wa kutwa, utaukaza mstari ambao pengine ungefifia. Nadhani ni gharama inayobebeka, kwa kuwa tofauti hiyo inatokana na mahali wanapolala, na mwanafunzi anaweza kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kwa sababu hiyohiyo nasema kwa mkazo kwamba msitenge kamwe viti kwa kabila au dini. Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua wanakaa dawati moja katika shule zenu, na bodi haina ajenda inayowahitaji wagawanyike.

Lakini kanuni nzuri ya viti haitatosha kama kampeni yenyewe imeinama upande mmoja, na ningependa uchunguze yenu ilivyokuwa. Wagombea walijinadi saa ngapi? Katika shule nyingi zenye bweni, maneno ya uchaguzi huzungumzwa jioni bwaloni na baada ya prepo, wakati wa kutwa wako nyumbani wakichota maji. Mgombea wa bweni huwa na wiki nzima ya usiku wa kuongea na wapiga kura; wa kutwa huwa na dakika za mapumziko ya saa nne. Kampeni zote ziwe mchana, ndani ya ratiba, mbele ya wapiga kura wote, na wagombea wapande jukwaa moja kwa dakika sawa. Nchi yetu imewahi kulijaribu hilo. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 1965, chini ya mfumo wa chama kimoja, wagombea wawili wa TANU walioshindana jimboni walipewa alama, mmoja jembe na mwingine nyumba, walijinadi pamoja kwenye mikutano iliyoandaliwa na chama, na walikatazwa kuomba kura kwa hoja ya kabila, rangi au dini. Mfumo wenyewe ulikuwa na mipaka yake mikubwa, lakini utaratibu wa jukwaa moja ni mzuri, na shule haihitaji fedha ili kuutumia.

Lugha nayo iangaliwe. Kama mnawalazimisha wagombea kunadi sera zao kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha ya kufundishia, mnawapunguzia nafasi watoto waliosoma shule za msingi za vijijini kwa Kiswahili, hata kama ndio wenye hoja. Kiingereza kina vipindi vyake na midahalo yake. Siku ya kuomba kura kwa wenzao waacheni wazungumze Kiswahili, wanafunzi wote waelewe wanachoahidiwa.

Kuna pia mchujo. Kama kamati ya walimu inakata majina kabla ya kura, vigezo viandikwe na kutangazwa mstarini mapema, viwe vichache, na aliyekatwa aambiwe sababu na apewe nafasi ya kukata rufaa. Kigezo cha nidhamu kisichofafanuliwa ni hatari zaidi kwa wa kutwa, kwa sababu kuchelewa kunaandikwa kila siku kwenye daftari la mwalimu wa zamu, na anayetembea mbali ndiye anayechelewa. Unaweza kujikuta umewaondoa wagombea wa kutwa kwa kosa lilelile ambalo walitaka kuja kulisemea kwenye bodi. Wastani wa alama nao usiwe wa juu sana, kwani mwakilishi anahitaji kusikiliza na kusema, na vipaji hivyo havionekani kwenye matokeo ya mtihani.

Kura iwe ya siri. Kunyoosha mikono au kupanga mstari nyuma ya mgombea kunamweka mtoto wa Kidato cha Kwanza mbele ya macho ya wakubwa anaolala nao. Kuhusu kuhesabu, unajua kazi yako: kila karatasi isomwe kwa sauti na kuonyeshwa kwa mawakala, mistari ichorwe ubaoni, kura zilizoharibika zitangazwe idadi yake, na karatasi zifungiwe mpaka muda wa malalamiko upite.

Kwa mwaka huu, ushauri wangu ni msiufute uchaguzi. Wale wanne walishinda kwa kanuni iliyotangazwa na hawakukosea. Kuwanyang'anya nafasi kutawafundisha wanafunzi wote kwamba matokeo yasiyompendeza mtu yanafutika. Badala yake, zungumza na mkuu wa shule apeleke ombi kwenye bodi ili wanafunzi wawili wa kutwa, msichana na mvulana, waliochaguliwa na wa kutwa wenyewe, waalikwe kwenye vikao vilivyobaki vya mwaka. Waeleze wanafunzi wa kutwa kwa uwazi kwamba kura hazikuibiwa, kisha waeleze, kwa hesabu ileile ya 340 na 260, kwa nini malalamiko yao yana msingi. Watoto wa sekondari wanaielewa hesabu hiyo vizuri. Kanuni mpya zijadiliwe kwenye baraza la shule na zipitishwe mapema, kabla hajajulikana nani atagombea, kwa kuwa kila kanuni hujadiliwa kwa haki zaidi wakati hakuna anayejua itamfaidi nani.

Mpaka hapa nimezungumza juu ya kasoro ya utaratibu, ambayo wewe, mkuu wa shule na wanafunzi mnaweza kuirekebisha wenyewe. Yapo mambo ambayo usiyabebe peke yako wala usiyamalize kwa kuandikiana barua na mtaalamu kama mimi. Ikiwa mwanafunzi yeyote alitishwa au kupigwa bwenini kwa sababu ya kura yake, ikiwa aliyelalamika ameadhibiwa kwa kulalamika, ikiwa fedha zilitembea, au ikiwa msichana ameombwa chochote na mtu mzima au mwanafunzi mwenzake ili apitishwe kugombea, onana ana kwa ana na mkuu wa shule siku hiyohiyo. Kama mkuu wa shule ndiye anayelalamikiwa, nenda kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri. Penye dalili za ukatili au unyanyasaji, mhusishe afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi, na uwajulishe wanafunzi kwamba wanaweza kupiga wenyewe simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, bila malipo. Unapokwenda ofisi yoyote kati ya hizo, chukua nakala ya kanuni mlizotumia, karatasi ya majumlisho iliyosainiwa na mawakala, na malalamiko ya wanafunzi kama walivyoyaandika wao wenyewe, bila kuyahariri.